Dubu 22 wa Wyoming: uwindaji uliosimamishwa siku mbili kabla ya msimu

Msimu ulikuwa ufunguliwe Jumamosi, 1 Septemba 2018. Majina yalishatoka kwenye bahati nasibu ya leseni, na katika milima ya kaskazini-magharibi mwa jimbo la Wyoming, Marekani, dubu aina ya grizli walikuwa wawindwe kihalali kwa mara ya kwanza baada ya miaka 44. Alhamisi, siku mbili kabla, Jaji Dana Christensen wa mahakama ya serikali kuu mjini Missoula, Montana, alizisikiliza pande zote na siku hiyo hiyo akatoa amri ya zuio la siku 14. Zuio likaongezwa siku 14 nyingine, na tarehe 24 Septemba ikafuata hukumu: dubu wa Yellowstone warudishiwe ulinzi wa sheria waliokuwa wamevuliwa mwaka mmoja nyuma. Leseni zile hazijatumika hadi leo.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama ugomvi wa wapenda wanyama na wapenda bunduki. Kila ninapokirudia naona ugomvi huo ndio sehemu yake nyepesi. Kilichoamua kesi ni maswali mawili magumu zaidi. La kwanza: mtu akisema wanyama "wametosha", amewahesabu kwa kanuni gani, na kanuni ikibadilika itakuwaje? La pili: kundi la wanyama linaweza kuwa kubwa na bado likawa limefungiwa kama watu wa kisiwani?

Walikotoka

Huku kwetu dubu hayupo. Wengi tunamjua kwa picha. Grizli ni dubu wa kahawia wa bara la Amerika Kaskazini, mwenye nundu ya misuli mabegani na kucha ndefu za kuchimbia. Majira ya baridi hujificha pangoni na kulala kwa miezi kadhaa bila kula. La kukumbukwa katika kisa hiki ni uzazi wake. Jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano hadi saba, huzaa watoto wawili au watatu, kisha hukaa nao miaka miwili mitatu kabla ya kubeba mimba nyingine. Jike mmoja akiuawa, pengo lake haliwezi kuzibwa msimu unaofuata kama la swala.

Hapo zamani, katika ardhi ambayo leo ni Marekani bila Alaska, grizli walikadiriwa kufikia 50,000. Risasi, sumu na mitego ya walowezi iliwasukuma hadi wakabakia kwenye vipande vichache vya milima, kikubwa kimojawapo kikiwa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone na nchi inayoizunguka. Hata humo walikuwa wakiishi kwa takataka. Kwa miongo mingi mahoteli ya hifadhi yalitupa mabaki ya chakula kwenye majalala ya wazi, na dubu wakazoea kwenda kula huko kila jioni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 uongozi wa hifadhi ukaamua kuyafunga majalala. Watafiti wawili ndugu, Frank na John Craighead, ambao mwaka 1961 ndio waliowafunga grizli kola za redio kwa mara ya kwanza, waliomba yafungwe polepole ili wanyama wapate muda wa kujifunza upya kutafuta chakula porini. Hawakusikilizwa. Dubu wenye njaa waliingia kwenye kambi za watalii na kwenye miji ya pembeni, wakauawa kwa wingi. Hilo ni kosa lililotendwa na wahifadhi wenyewe kwa nia njema, na nalitaja kwa sababu kila mara kisa cha grizli kinaposimuliwa lawama huishia kwa mwindaji peke yake.

Mwaka 1975 serikali kuu iliwaingiza grizli kwenye orodha ya Sheria ya Viumbe Walio Hatarini Kutoweka. Wakati huo Yellowstone ilikadiriwa kubaki na dubu wachache kama 136. Kuanzia hapo kumuua grizli likawa kosa la serikali kuu, isipokuwa kwa kujihami au kwa maofisa kumwondoa mnyama msumbufu. Barabara za msituni zikafungwa, mapipa ya taka yasiyofunguka kwa dubu yakawekwa, malisho ya kondoo ndani ya makazi ya dubu yakapunguzwa. Ilichukua miaka 40 na zaidi, na mamilioni ya dola, sehemu kubwa ikiwa fedha za idara za wanyamapori za majimbo, ambazo hutokana na leseni za wawindaji wa wanyama wengine. Ilipofika 2017 hesabu rasmi ilisema dubu kama 700. Sijui mifano mingi ya mnyama mkubwa anayekula nyama aliyerudishwa namna hii katikati ya nchi yenye ng'ombe, barabara kuu na mamilioni ya watalii kila mwaka. Waliofanya kazi hiyo wana haki ya kujivunia.

Mara ya kwanza serikali ilipojaribu kuwatoa kwenye orodha ilikuwa 2007. Jaji mwingine wa Montana, Donald Molloy, akawarudisha 2009, na mahakama ya rufaa ikamuunga mkono 2011. Hoja iliyoiangusha serikali safari hiyo ilikuwa mti: msonobari wa gome jeupe, ambao mbegu zake zenye mafuta mengi dubu huzila kabla ya kulala. Mende wa gome na ukungu wa kigeni walikuwa wakiiua misonobari hiyo milima mizima, na serikali haikueleza vya kutosha dubu wangekula nini. Watafiti wakaingia tena kazini, na wakaonyesha kwamba grizli hubadilisha chakula: hula ndama wa elki (aina ya kulungu mkubwa), mizizi, samaki, hata nondo wanaojificha chini ya mawe vileleni, ambao dubu mmoja anaweza kuwala makumi ya maelfu kwa siku. Juni 2017 Waziri wa Mambo ya Ndani Ryan Zinke, ambaye kwa Marekani wizara yake ndiyo husimamia ardhi na wanyamapori, akatangaza kwamba kazi imekwisha na dubu wa Yellowstone wanakabidhiwa kwa majimbo matatu: Wyoming, Montana na Idaho.

Mpango wenyewe

Hapa lazima niwe mkweli kwa Wyoming, kwa sababu nimeona watu wengi wakiandika kana kwamba jimbo lilitaka kufyeka. Tarehe 23 Mei 2018 wajumbe wote saba wa kamisheni ya wanyamapori ya jimbo walipitisha mgawo wa dubu 22 wasiozidi. Nchi iligawanywa mara mbili. Ndani ya eneo la ufuatiliaji, yaani pale dubu wanapohesabiwa rasmi, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 50,000, sawa na ile Selous ya zamani kabla haijagawanywa, wangeuawa madume kumi au jike mmoja: jike wa kwanza akianguka, uwindaji wa ndani unafungwa. Wawindaji wangeingia humo kwa zamu za siku 10. Nje ya eneo hilo mgawo ulikuwa dubu 12, dume au jike. Mama mwenye watoto asingeguswa, wala watoto wake. Karibu na barabara kuu pasingewindwa, na upande wa mashariki wa Hifadhi ya Grand Teton paliachwa ukanda wa kinga. Mkazi wa jimbo angelipa dola 602, mgeni dola 6,000. Idaho iliruhusu dubu mmoja tu, na Montana ikasema mwaka huo haitawinda kabisa.

Dubu 22 katika 700 ni kama asilimia tatu. Kwa namba hiyo peke yake kundi lisingekwisha, na anayesema lingekwisha anaidhoofisha hoja yake mwenyewe. Lakini namba hiyo haikuwa peke yake. Kati ya 2015 na 2018, vifo vya dubu vilivyojulikana au kukisiwa katika nchi ya Yellowstone vilizidi 50 kila mwaka: waliouawa na maofisa kwa kula ng'ombe, waliopigwa risasi na wawindaji wa elki waliokutana nao ghafla, waliogongwa na magari. Mgawo ungekuja juu ya hao.

Wafugaji walikuwa na sauti kubwa katika mjadala huu, na ilistahili kusikilizwa. Katika malisho ya Upper Green River, kusini mwa Yellowstone, ng'ombe na ndama wamekuwa wakiliwa kila kiangazi. Jimbo hulipa fidia, na kwa ndama hulipa zaidi ya idadi iliyoonekana, kwa kuwa mizoga mingi haipatikani. Mfugaji yeyote, awe wa Pinedale au wa Longido, anajua kwamba fidia hailipi usiku wa kukesha. Na katikati ya kesi hii, tarehe 14 Septemba 2018, kiongozi wa wawindaji aliuawa na grizli mama na mtoto wake alipokuwa akimsaidia mteja kuchuna elki katika pori la Teton. Mtu huyo alikuwa na familia. Wakazi wengi wa Wyoming waliisoma amri ya jaji wakiwa msibani.

Hata hivyo, uwindaji waliokuwa wakiudai usingewapa walichokihitaji. Dubu anayeua ng'ombe anajulikana. Maofisa humfuata kwa kola, kwa mitego, kwa nyayo, na hata chini ya ulinzi wa sheria walikuwa wakimwondoa. Mwindaji wa nyara hamtafuti huyo. Hutafuta dume kubwa mbali kule juu, ambalo huenda halijawahi kuona ng'ombe. Wanaosema dubu wakiwindwa watamwogopa binadamu wanasahau kwamba grizli huishi peke yake. Aliyepigwa risasi hana kundi la kulipelekea habari. Ingekuwa heri jimbo liseme wazi kwamba wapo raia wanaotaka kumwinda mnyama huyu na kwamba linaona wana haki hiyo. Hoja hiyo ingejadiliwa kwa uwazi. Badala yake iliwekwa nyuma ya ngao ya ng'ombe.

Kupiga kwa kamera

Zaidi ya watu 7,000 waliomba leseni hizo chache. Miongoni mwao walikuwemo wasiotaka kuua. Wanawake wachache wa mji wa Jackson walianzisha kampeni ya kuwahimiza watu waombe leseni ili wakatumie kamera, na hapa Kiswahili kinawahudumia vizuri kuliko lugha yao, maana sisi kupiga ni kitenzi kimoja: unapiga risasi au unapiga picha. Marehemu Jane Goodall, ambaye tunamjua kwa sokwe wa Gombe, Kigoma, alikuwa mmoja wa walioomba. Hakubahatika. Mpiga picha Thomas Mangelsen, ambaye amewapiga picha dubu wa Teton kwa miaka mingi, alitoka namba nane kwenye orodha ya ndani. Zamu yake ingefika, angekaa siku zake 10 porini na kamera, na siku hizo hakuna ambaye angeua kwa nafasi yake.

Dubu waliyemhofia zaidi alikuwa na namba badala ya jina: 399. Jike huyo, aliyezaliwa 1996, alikuwa amezoea kuwalea watoto wake kando ya barabara za Grand Teton, na maelfu ya watu walikuja kutoka mbali kumwona. Ndani ya mstari wa hifadhi alikuwa hazina. Akivuka mstari katika mwaka asio na watoto, angekuwa mnyama wa leseni kama mwingine. Msomaji wa Namanga au Enduimet atalielewa hili upesi. Tembo wa Amboseli anayejulikana kwa jina upande wa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, akivuka kuingia Tanzania anaingia kwenye sheria nyingine. Mnyama ni yule yule, nyayo ni zile zile.

Waliofungua kesi hawakuwa wanaharakati wa mazingira tu. Jina lililobeba shauri ni la kabila la Crow, wenyeji asilia wa nchi hiyo, pamoja na makabila mengine. Kwao grizli ni ndugu na mwalimu, na yumo katika ibada zao. Zaidi ya makabila mia moja ya Marekani na Kanada yalikuwa yametia saini mkataba wa kumlinda. Walilalamika kwamba serikali haikukaa nao kuwashauri kabla ya kuamua. Mahakama haikuhitaji kufika kwenye hoja hiyo ili kuamua kesi, na nasikitika kwamba haikufika. Watu walioishi na mnyama huyu muda mrefu kuliko wote waliishia kuwa jina juu ya jalada.

Alichosema jaji

Christensen aliandika mapema kabisa kwamba kesi haihusu maadili ya uwindaji, wala haihusu namna ya kumaliza ugomvi wa dubu, watu na mifugo. Ilihusu kama idara ya serikali kuu ilifuata sheria. Akaona haikufuata, katika mambo matatu.

La kwanza naweza kulipita haraka: serikali ilimega dubu wa Yellowstone kutoka orodha bila kuchunguza grizli waliobaki kwenye milima mingine wangeathirika vipi.

La pili ni lile la hesabu, na hapa inafaa kutulia. Grizli hawahesabiwi kichwa kwa kichwa. Marubani huruka na kutafuta majike wenye watoto wa mwaka huo. Kutokana na familia hizo watafiti hukadiria wengine wote. Tatizo ni kujua kama mama aliyeonekana Jumatatu bonde hili ndiye yule yule wa Ijumaa bonde la pili. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba familia mbili zikionekana umbali wa chini ya kilomita 30 huhesabiwa moja mpaka ithibitike vingine. Kanuni hiyo ina tahadhari nyingi, na dubu walipozidi kubanana ikawa inapunguza hesabu. Sasa fikiria: mgawo wa vifo umefungwa kwenye idadi. Chini ya dubu 600, hakuna kuua kwa hiari. Wakizidi 747, viwango vya vifo vinavyoruhusiwa vinapanda. Kesho kanuni ya kuhesabu ikibadilishwa na idadi ikaruka juu kwa karatasi tu, majimbo yangeweza kuua dubu wengi zaidi wakati porini hakuna mtoto hata mmoja aliyeongezeka. Wataalamu wa serikali walitaka ahadi kwamba kanuni ikibadilika, vizingiti navyo vitasawazishwa. Majimbo yakagoma, Wyoming ikiwa mbele, na serikali kuu ikaiacha ahadi hiyo ili mapatano yasivunjike. Jaji alisema huko ni kufuata shinikizo, siyo sayansi.

Na kanuni ilibadilika kweli. Mwaka 2021 umbali ule wa kilomita 30 ulishushwa hadi 16, na makadirio yakapanda kutoka kama 730 hadi zaidi ya 1,000. Idadi mpya huenda ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Sina ugomvi na watafiti. Lakini ndicho hasa walichokuwa wakikihofia waliokwenda mahakamani, na kimetokea ndani ya miaka mitatu.

La tatu ni damu. Dubu wa Yellowstone wamekaa pekee kwa karibu karne nzima. Jirani zao wa karibu ni kundi la kaskazini, kuzunguka Hifadhi ya Glacier, nalo lina dubu kama 1,000. Kingo za makundi haya zimekuwa zikisogeleana, lakini hadi wakati wa kesi hakuna dubu wa kaskazini aliyethibitika kufika Yellowstone na kuzaa huko. Serikali ilitegemea tafiti mbili kusema kwamba hali si mbaya. Jaji alizisoma tafiti zenyewe na kukuta zinasema kingine: kwa muda mfupi hakuna hatari, lakini kwa muda mrefu kundi hili linahitaji damu mpya, iwe kwa dubu kutembea wenyewe au kwa kubebwa. Serikali haikuweka ahadi yoyote ya kuhakikisha hilo.

Tarehe 8 Julai 2020 mahakama ya rufaa iliafiki sehemu kubwa ya hukumu, na mambo haya mawili ya mwisho yakasimama yote.

Baada ya hapo

Wapo wanaosema kwamba mahakama iliwaadhibu Wyoming kwa kufanikiwa. Nalielewa jambo hilo linavyouma. Jimbo linaambiwa fikisha dubu 500, linafikisha 700, kisha linaambiwa bado. Mtu akisogezewa mstari kila anapoukaribia hukata tamaa, na mkazi wa kijijini aliyekata tamaa ana bunduki na ana koleo la kufukia. Hatari hiyo ni ya kweli, na wanaotetea dubu hawapendi kuizungumza.

Ila mstari haukusogezwa na jaji. Masharti yote mawili yangetimizwa kwa kurasa chache za maandishi: vizingiti vifuate kanuni ya kuhesabu, na dubu waletwe kutoka kaskazini wasipokuja wenyewe. Kama Wyoming ingekubali hayo mwaka 2017, naamini wawindaji wangekuwa porini 2018, nipende nisipende. Chris Servheen, aliyeratibu mpango wa kuwarejesha grizli kwa miaka 35 hadi alipostaafu 2016, aliwahi kuunga mkono kuwatoa kwenye orodha. Baadaye, alipoona sheria za kuua wanyama wala nyama zilizopitishwa Montana mwaka 2021, akageuka. Mtu kama huyo akigeuka, tatizo haliko kwenye idadi ya dubu.

Wyoming iliomba tena mwaka 2022 dubu wa Yellowstone watolewe, na Januari 2025 idara ya serikali kuu ikakataa. Mwezi Desemba 2022 msonobari wa gome jeupe nao uliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Dubu 399 hakufa kwa risasi: mwaka 2020 alitoka pangoni na watoto wanne, na usiku wa 22 Oktoba 2024 akagongwa na gari kusini mwa Jackson, akiwa na miaka 28.

Miezi mitatu kabla ya hapo, mwishoni mwa Julai 2024, maofisa wa Montana walikamata grizli wawili vijana katika milima ya kaskazini, dume na jike, ambao hawakuwa na rekodi ya kumsumbua mtu. Waliwasafirisha kwenda kusini. Dume aliachiwa ndani ya Yellowstone, jike msituni kaskazini-magharibi ya mji wa Dubois, Wyoming. Aliyempokea jike huyo na kumfungulia mlango ni idara ya wanyamapori ya Wyoming yenyewe.